Kinanda Kiliuliza, Nikajibu Ndiyo

Mlioniacha wiki jana mliniacha pabaya: nimesimama mbele ya kinanda kipya cha kwaya yetu, flashi tatu mkononi, na zote tatu kinanda kimezikataa.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, habari yangu ni fupi. Mimi ni mpanga herufi mstaafu. Miaka thelathini na moja nilipanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji, na elimu yangu niliipata kwa masomo ya jioni, mikono ikiwa bado ina wino. Nilipofika miaka sitini na mbili nikajifunza kupiga kinanda. Nilipofika sitini na tano nikapewa kiti cha mpiga kinanda katika kwaya ya wastaafu. Kiti chenyewe ni stuli ya mbao isiyo na mgongo, lakini nisingebadilishana na waziri.

Kinanda cha zamani kiliungua, kikanunuliwa kingine. Nyimbo kumi na moja za Mwalimu wetu wa kwaya, alizozitunga na kuzipangia midundo kwa miezi saba, zilibaki ndani ya flashi moja tu, nyekundu, ya zamani. Jumamosi tulikuwa na nafasi ya studio. Kazi yangu ilikuwa kutafuta flashi mpya inayoelewana na kinanda kipya, nyimbo zinakiliwe, tuwe na nakala mbili.

Mwalimu aliwahi kuwa mkunga, na huongea kama bado yuko zamu. Alituambia mbele ya wote, "Atakayeziharibu nyimbo hizi asikae tena kwenye stuli ile. Sitauliza kama ni bahati mbaya au makusudi."

Kisha akaniangalia mimi. Nani mwingine anakaa pale?

Basi leo naeleza nililofanya, kama lilivyokuwa, hata pale linaponivua nguo.

Jumatano asubuhi nilirudi kwa Mama Chaja. Duka lake liko chini ya ngazi za jengo la maduka, katikati ya fundi viatu na mashine ya kopi. Mteja akisimama wima anagonga kichwa. Flashi zake zimening'inia kwenye ubao kama hereni.

"Shikamoo, mzee wangu. Na hiyo nayo imekataliwa?"

"Marahaba. Imekataliwa. Flashi zako zina nini?"

"Flashi zangu hazina neno. Nilikuuliza juzi, kinanda kinataka flashi ya namna gani. Ukaniambia flashi ni flashi."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Tena ukanisahihisha Kiswahili juu yake."

Fundi viatu alicheka bila kuinua kichwa kutoka kwenye soli yake.

"Kitabu cha maelekezo umekuja nacho?" Mama Chaja akauliza.

Nilikuwa nacho. Wanakwaya wote niliwaambia nimekisoma chote. Kweli nilikisoma, ila ukurasa wa themanini na tatu, ulioandikwa kwa herufi ndogo kama chawa, niliuruka. Mimi niliyezipanga herufi hizo maisha yangu yote, leo siwezi kuzisoma, na miwani nimeikataa kama mtoto anavyokataa dawa.

Yeye aliusoma kwa kuufuata na kidole.

"Haya, sikia. Isizidi giga thelathini na mbili. Iwe ya aina ya zamani, si hizi za kasi, maana zinavuta umeme ambao kinanda hakina. Na ifomatiwe ndani ya kinanda chenyewe. Mzee wangu, mtu anayetaka shati hauziwi hema. Ile ya giga mia na ishirini na nane uliichukua ya nini?"

"Ya akiba."

"Nyimbo zako zote, ukiongeza na za wajukuu zako, hazijazi kijiko cha chai."

Akainama, akatoa kopo la biskuti chini ya meza, akachambua kama mtu anayechagua mchele. Akaibuka na flashi fupi, nyeusi, imefubaa. Giga nane.

"Hizi siku hizi hazitakiwi na mtu. Kinanda chako kitaipenda. Sasa ukiichomeka, kitakuuliza swali. Kwenye kioo litatokea neno 'Format?' Hapo uwe makini, kwa sababu maana yake—"

Nikainua kiganja. "Mwanangu, neno hilo nimelifanyia kazi miaka thelathini na moja."

"Sawa, lakini kwenye mambo ya flashi—"

"Kufomati ni kupanga. Ukurasa ukija shaghalabaghala unaufomati. Safu mahali pake, vichwa vya habari mahali pake, na herufi haipotei hata moja. Unataka kunifundisha kazi yangu?"

Akanitazama kidogo. Kisha akaiviringisha flashi kwenye kipande cha karatasi.

"Haya, mzee wangu. Wewe ndiye msomi."

Ningemwacha amalize sentensi ile moja tu, leo msingekuwa na cha kusoma.

Chumba chetu cha mazoezi kiko nyuma ya ukumbi. Viti vya plastiki vimepandana kwenye pembe, na feni ya darini inazunguka ikilia kama inaomba ruhusa. Nilimkuta Waya keshafika.

Waya ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni fundi umeme, ndiyo asili ya jina. Yeye huniita Kamusi, kwa sababu nina tabia ya kumsahihisha mtu kabla hajamaliza kusema. Anaimba besi, na hukaa nyuma ya stuli yangu apate kunisengenya kwa karibu.

"Kamusi, ya nne hiyo?"

"Ya mwisho."

"Hata ya pili ulisema ya mwisho. Mimi ningekuwa kinanda ningekukataa wewe, si flashi."

"Ungekuwa kinanda ungekuwa na sauti moja tu, ya kumwomba dada yako chakula."

Akacheka. Nikaichomeka flashi nyeusi. Kioo kikawaza, kisha kikaandika lile neno: Format?

Nikabonyeza kitufe cha ndiyo. Kikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Mstari mdogo ukajaa kutoka kushoto kwenda kulia, na kinanda kikatangaza kuwa kazi imekwisha. Flashi imekubaliwa.

"Shemeji," nikamwambia, "sogea nyuma kidogo. Hapa pana joto la elimu."

"Siku moja elimu hiyo itakubabua."

Simu yake ikaita. Kuna mahali soketi ilikuwa inatoa cheche, na mwenye nyumba amepanda juu ya meza. Waya akachukua mkoba wake wa kazi, akatoka.

Nikabaki na flashi nyekundu ya Mwalimu.

Niliichomeka nikitegemea kuona orodha ya nyimbo kumi na moja, nizinakili kwenye ile nyeusi, nifunge chumba, nikale. Badala ya orodha kikaja kile kile: Format?

Nilikaa nikalitafakari swali lile, msidhani nilikurupuka. Flashi hii imetoka kwenye kinanda cha zamani, nikajiambia, kwa hiyo mpangilio wake ni wa zamani. Kinanda kipya kinaomba ruhusa ya kuupanga upya. Hata mhariri mwenye adabu huomba ruhusa kabla hajagusa ukurasa wa mwenzake. Nikapendezwa na mashine ile.

Nikajibu ndiyo.

Kikauliza kama nina hakika. Safari hii kikaniudhi. Nikasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu, "Nimeshakwambia ndiyo." Nikabonyeza kwa nguvu.

Muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja, kazi ikawa imekwisha. Nikafungua orodha. Sifuri.

Nikaichomoa, nikaipuliza. Nikaifuta kwenye shati. Nikaichomeka polepole, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Sifuri. Nikazima kinanda, nikahesabu mpaka ishirini, nikawasha. Sifuri ileile, mviringo, haina hata aibu.

Nikapata wazo. Labda flashi yenyewe imekufa kwa uzee, na kama imekufa, mimi sina kosa. Ili nijue, nikapiga kipande kifupi cha muziki na kukirekodi ndani ya flashi ile nyekundu. Kikaingia. Nikakisikiliza, kikasikika vizuri kabisa. Flashi ilikuwa nzima. Zilizokufa ni nyimbo.

Nikakifuta kipande kile nisiache nyayo.

Hilo la kurekodi na kufuta lilijulikana na wawili tu, mimi na kinanda. Na kinanda hakisemi mpaka kiulizwe.

Waya akarudi, mikono ina vumbi la ukuta. "Vipi? Mbona umekauka kama uliyeshika waya wa moto?"

"Flashi ya Mwalimu haina kitu."

"Haina kitu vipi? Si ndimo zilimo nyimbo?"

"Zilikuwamo."

"Umeifanyaje?"

"Nimeifanyaje mimi? Nimeichomeka tu."

Akaniangalia, akakiangalia kinanda, akaniangalia tena. Nilingoja utani. Hakutania. Hilo lilinitisha kuliko ile sifuri.

Saa tisa Mwalimu akafika. Akasoma nyuso zetu tangu mlangoni.

"Nipeni kwa ufupi," akasema.

"Mwalimu, nyimbo hazimo."

"Zimekwenda wapi?"

Nilikuwa na nafasi. Neno lilikuwa mdomoni: sijui. Lingetosha, na lilikuwa kweli, maana wakati ule sikujua hasa kilichotokea. Lakini sijui ni neno ambalo sikulisomea. Ulimi wangu ukatafuta jingine, na ulimi hauna mfupa.

"Ni ile flashi mpya ya Mama Chaja," nikasema. "Nadhani ilikuwa na virusi. Ikakiambukiza kinanda, kinanda kikaambukiza yako."

"Unadhani au unajua?"

"Najua."

Waya akatazama sakafu.

Mwalimu akakaa kwenye stuli yangu. Sikuwahi kumwona mtu mwingine ameikalia. Akaomba maji, akaletewa, akaishika glasi bila kunywa.

"Miezi saba," akasema. "Ule wa sita niliutunga wiki ile ambayo nilikuwa siwezi hata kuinuka kitandani. Nilikuwa nagonga mdundo ubavuni mwa kitanda kwa kidole, mwanangu anaandika." Akaiweka glasi chini. "Kesho asubuhi nakwenda kwa huyo mama. Na wewe twende, ukayaseme hayo mbele yake."

Jioni mke wangu aliweka sahani mezani, akaketi upande wa pili, asile, anitazame.

"Hujala."

"Sina njaa."

"Mtu asiye na njaa ana kitu kingine tumboni. Kitoe."

"Ni mambo ya virusi."

"Virusi vya nani?"

"Vya kinanda."

Akaifunika sahani yangu. "Mume wangu, tangu unioe sijakusikia ukisema umekosea. Si lazima iwe leo. Nasema tu kwamba sijasikia."

"Sasa hapo unamaanisha nini?"

"Wewe ndiye Kamusi, tafuta mwenyewe."

Akachukua simu, akaingia jikoni, akampigia kaka yake. Walichoongea sikukisikia. Alikuwa amefungulia maji ya bomba, na katika miaka yote ya ndoa yetu hajapata kufungulia bomba kwa ajili ya kuosha vyombo viwili.

Alhamisi saa mbili na nusu tulikuwa kwenye lile jengo. Mwalimu mbele, mimi katikati, Waya nyuma kama askari wa mahabusu. Njiani alinisalimu mara moja tu. "Umeamkaje, shemeji?" Hakuniita Kamusi.

Mwalimu alizilaza flashi zote mbili juu ya kioo cha meza. Hakupandisha sauti. Mwenye hasira ya kweli haipandishi.

"Umetuuzia ugonjwa."

"Shikamoo, mama. Ugonjwa gani?"

"Flashi yako ina virusi. Imekula nyimbo zangu kumi na moja. Na huyu ni shahidi."

Mama Chaja akanigeukia. "Mzee wangu ndiye aliyesema hivyo?"

Ukutani nyuma yake palikuwa na karatasi: BIDHAA IKISHA FUNGULIWA HAIRUDISHWI. Ikishafunguliwa ni neno moja. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kosa nikaliacha.

"Ndiyo," nikasema.

Nyundo ya fundi viatu ikanyamaza. Waliokuwa wanangoja kopi wakasogea, kila mmoja akijifanya anatazama chaja. Ngazini juu yetu viatu vikashuka, na msimamizi wa jengo akachungulia.

"Kuna nini hapa?"

Alielezwa na watu wanne kwa pamoja, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo.

"Mama, nilishakwambia," akasema. "Duka likishikwa na bidhaa mbovu linafungwa. Likithibitika hili, saa sita mchana niwe na ufunguo."

"Likithibitika," Mama Chaja akasema. "Na lisipothibitika?"

Msimamizi akatazama saa yake. Mimi nilikuwa na jibu, nikalimeza.

Akawasha kompyuta yake. Akachomeka flashi nyeusi, akaisubiri, akageuza kioo tuone. Safi, haina doa. Akachomeka nyekundu. Hapo akainama, akasogeza uso, midomo ikicheza kama anasoma barua ya mtu mwingine.

"Hii haikuliwa na virusi," akasema. "Hii imefomatiwa."

"Ndiyo kusema nini?" Mwalimu akauliza.

"Imefutwa, mama. Kufomati flashi ni kama kuhama nyumba. Unatoa vitu vyote, unafagia, unang'oa mpaka misumari ya ukutani."

Waya akanigeukia, na watu wote wakafuata macho yake.

"Kamusi," Mwalimu akasema, "hivyo ndivyo?"

Nimeulizwa maana za maneno na watu wengi, wakubwa kwa wadogo. Hiyo ndiyo siku niliyoulizwa nikiwa mtupu. Maana ndipo hapo, mbele ya mashine ya kopi, nilipojua nilichofanya. Mpaka dakika ile, moyoni, nilikuwa bado nakilaumu kinanda.

"Kwa upande wa uchapaji," nikaanza, "neno hilo—"

"Sikukuuliza uchapaji."

"Na si kompyuta iliyofuta," Mama Chaja akaendelea. "Tazameni folda hii tupu. Jina lake ni la kinanda. Kinanda kikifomati flashi huacha folda yake, kama mgeni aliyesahau kofia. Kuna mtu kinanda kilimuuliza, akajibu ndiyo. Tena vinanda huuliza mara mbili."

Msimamizi wa jengo akakuna kidevu. "Kwa hiyo duka halina kosa."

"Duka halikuwahi kuwa nalo," akasema fundi viatu, ambaye hakuulizwa.

Mwalimu hakuwasikia. Alikuwa ananiangalia. "Jana chumbani mlikuwa wangapi?"

"Wawili," nikasema. Sikusema kwamba mmoja alitoka.

"Kabla hamjamtafuta mkosaji," Mama Chaja akasema, "mnataka nyimbo au hamzitaki?"

Mwalimu akamgeukia. "Zinarudi?"

"Zinaweza. Kinanda kikifomati, kinachoondoka ni orodha. Nyimbo zenyewe hubaki chini, hazina majina, mpaka mtu arekodi kitu juu yake. Nina njia mbili. Moja ni ya haraka, nairudisha orodha ya zamani yote kwa mkupuo. Nusu saa, mnaondoka hapa mnaimba. Lakini hiyo ni kwa flashi ambayo haikuguswa tena baada ya kufutwa. Kama mtu alirekodi juu yake, hata sekunde kumi, hata kama alizifuta, njia hiyo itavuruga mpaka zilizosalimika. Hapo hata mimi sitakuwa na dawa."

"Na ya pili?"

"Ya pili naokota kipande kimoja kimoja, naunga. Siku nne, pengine tano. Zinaweza kurudi karibu zote."

"Studio ni Jumamosi," Mwalimu akasema. "Tukiikosa hawatupi nyingine mwaka huu."

"Ndiyo maana nauliza. Aliyejibu ndiyo hana haja ya kunieleza mengine. Aniambie tu kama alirekodi kitu baadaye."

Kipande changu kilikuwa kifupi. Sekunde ishirini, si zaidi. Nilianza kujiambia kwamba sekunde ishirini ndani ya nyimbo kumi na moja ni kama mtu mmoja ndani ya uwanja wa mpira. Nikajiambia labda zimeangukia mahali patupu. Nikajiambia mengi. Mwanadamu anayetafuta udhuru hakosi msamiati.

Na nikaiona stuli. Siku moja tu bila stuli ile, mimi ni nani? Mzee anayesahihisha matangazo ukutani.

"Ni mimi," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa Waya.

"Kamusi alitoka kidogo," akasema, anamtazama Mwalimu usoni. "Mimi nikacheza na vitufe. Kikauliza, nikajibu ndiyo. Kikauliza tena, nikajibu tena. Fundi umeme na vitufe, mnatujua."

"Na yeye kwa nini alisema virusi?"

"Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Akaniamini. Shemeji yangu anaamini kila kitu chenye jina gumu."

Watu wawili watatu wakacheka. Huyu ndiye mtu ambaye kwa miaka ishirini sijawahi kumsifia hata soketi aliyonifungia.

"Umeimba nasi muda gani?" Mwalimu akamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukitoka hapa usirudi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa chai aliyoiagiza mwenyewe.

"Baba," Mama Chaja akamwambia Waya, "hukunijibu. Ulirekodi kitu baada ya pale?"

"Nirekodi nini mimi? Mimi ni besi. Sikurekodi. Flashi haikuguswa tena na mtu."

Aliyasema hayo kwa uhakika wote wa mtu asiyejua. Alikuwa amekuja kuniokoa. Nusu ya habari alipewa na dada yake jikoni, nusu aliisoma usoni mwangu, na ile iliyobaki, iliyokuwa na uzito kuliko zote, hakuna aliyempa. Kwa wema wake alikuwa amezichukua nyimbo zote kumi na moja na kuzilaza chini ya kisu.

"Hakika?" Mama Chaja akauliza.

"Hakika."

"Basi tunakwenda na ya haraka."

Msimamizi wa jengo akapanda ngazi zake. Waliokuwa wanatazama chaja wakarudi kwenye kopi. Mwalimu akashusha pumzi, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kutikisika. Alikuwa anaupitia wimbo wa sita kimyakimya. Mama Chaja akafungua dirisha moja kwenye kompyuta, akafungua la pili, akaweka kidole juu ya kitufe.

"Ngoja," nikasema.

Kiatu cha Waya kikanikanyaga, kizito, cha kazi. Hakugeuka. Alinong'ona kwa pembe ya mdomo.

"Shemeji, nyamaza. Yamekwisha. Stuli ni yako."

Mwalimu akafumbua macho.

Mama Chaja alikuwa bado ameweka kidole palepale. Akanitazama kwa subira ileile ya Jumatano, ya mtu aliyewahi kukatizwa sentensi.

"Ningoje nini, mzee wangu?"